Alama za Siku za Bamvua

Mtondoni, kaskazini kidogo ya Kiwengwa, bahari ndiyo inayopanga ratiba ya skuli, na anayebisha ni mtu wa ofisini aliyezoea kuamini karatasi. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huja bamvua. Maji hutoka yakaenda mbali, karibu na mwamba, na mashamba ya mwani yakabaki wazi kwa saa kadhaa asubuhi. Siku hizo kina mama wote wako pwani na watoto wao wako nyuma yao, maana vidole vidogo ndivyo vinavyofunga mwani kwenye kamba haraka. Darasa la wanafunzi arobaini na watatu hubakiwa na tisa, siku nzuri kumi na mmoja, na hao nao macho yao yako dirishani.

Mwalimu Saadiya alipopangiwa skuli hiyo, miaka mitano nyuma, alikuwa msichana wa mjini, wa Kiembe Samaki, ambaye hajawahi kukanyaga mwani kwa mguu wake. Mwaka wa kwanza aliandika kwenye rejista kile alichokiona: aliyekuja alama ya vema, asiyekuja kiduara. Kurasa za bamvua zilijaa viduara tupu, na hakuna aliyejali.

Halafu ukaja uji. Shirika moja la kusaidia skuli za shamba lilileta magunia ya unga wa mtama uliochanganywa na soya, sufuria mbili kubwa, na vikombe vya plastiki mia tatu na kumi na viwili, kimoja kwa kila mtoto. Saa nne asubuhi kila mtoto anapata kikombe chake. Mtu aliyeamka akanywa chai kwa mkate wa kumimina hawezi kujua kikombe kile kilikuwa kitu gani. Watoto waliokuwa wakilala juu ya madawati ikifika saa tano waliacha kulala. Sharti lilikuwa moja tu: mahudhurio yasishuke chini ya asilimia themanini na tano kwa mwezi. Mwezi wa kwanza yalitoka sitini na kitu, na barua ya onyo ikafika haraka kuliko barua yoyote iliyowahi kufika Mtondoni.

Mwalimu Mkuu Haroub aliisoma barua ile mbele ya walimu wenzake, akaikunja, akamtazama kila mmoja. Hakukuwa na haja ya kuagiza. Tangu siku hiyo viduara vikatoweka. Ukipita skuli siku ya bamvua utakuta madarasa matupu na rejista zimejaa. Ilifanywa kwa huruma, na ningependa msomaji alikumbuke hilo, ingawa huruma yenyewe haikumsaidia mtu mwishowe.

Katika darasa la nne la Saadiya alikuwamo Ulfat Mbarouk, mtoto wa miaka kumi, mwembamba, mcheshi wa chinichini, mwenye mwendo wa kuutupa mguu wa kushoto nje kidogo kila anapopiga hatua. Ulfat alikuwa na kifafa. Dawa alikunywa, lakini mara moja moja kilimwangusha, na ndiyo maana mama yake, Bi Mwanamkasi, alikuwa mama pekee wa kijiji kizima aliyemkataza mwanawe kwenda pwani. Siku ya kufungua mwaka alimleta mwenyewe hadi mlangoni mwa darasa.

"Mwalimu, huyu simtaki baharini hata maji yakiwa ya kisigino," alisema. "Akianguka kifudifudi kwenye maji ya kisigino, basi. Mimi niko kwenye mwani, siwezi kumtazama. N'nakuachia wewe."

"Usiwe na wasiwasi, Bi Mwanamkasi. Nitamtazama mwenyewe," Saadiya alimjibu, na alisema kwa moyo wake wote.

Kwa miezi minne alimtazama kweli. Siku za bamvua, wenzake wengi wakiwa pwani, Ulfat alikuwa wa kwanza kwenye dawati la mbele, na alama yake ilikuwa moja ya zile chache za kweli katika ukurasa mzima.

Kisha ikaja barua ya semina. Walimu wa darasa la nne wa wilaya nzima walitakiwa mjini, Mji Mkongwe, siku tatu, Jumanne mpaka Alhamisi, kufundishwa namna ya kuwafundisha watoto kusoma kwa ufahamu. Siku hizo tatu ziliangukia katikati ya bamvua. Jumatatu mchana, kabla ya kuondoka, Saadiya alifungua rejista akajaza siku zote tatu kabisa, mistari arobaini na mitatu, kutoka juu mpaka chini. Hakusita kwenye jina lolote. Mkono ulikuwa umeshazoea, na akilini alikuwa akifikiria nguo za kubeba. Rejista akaiacha juu ya meza ya Mwalimu Mkuu.

Jumanne, saa tatu na nusu, alikuwa ghorofa ya pili ya nyumba ya zamani mjini, pamoja na walimu thelathini wenzake, wanakata kadi za silabi kwa mkasi. Simu ikatetemeka. Alitoka kwenye roshani kupokea. Chini uchochoroni mtu alikuwa akihangaika kuwasha vespa.

"Assalaam alaykum, mwalimu."

"Waalaykumu salaam, Bi Mwanamkasi. Shikamoo."

"Marahaba. Samahani kukusumbua kazini. Ulfat yuko skuli?" Sauti yake ilikuwa inapeperushwa na upepo. "Niko shambani kwangu, na kuna mtoto namwona kule kwenye mafungu ya mchanga, mbali kidogo, peke yake. Kama wangu vile. Nimemwambia aende skuli, na nimemwona akitoka na mkoba. Lakini roho yangu haijatulia."

Hapo Saadiya angeweza kusema ukweli, kwamba yuko mjini na hajui. Lakini alikuwa amemwahidi mama huyu kumtazama mwanawe mwenyewe, na aliona haya.

"Nakupigia sasa hivi," akasema.

Akampigia Mwalimu Mkuu. Mzee Haroub siku hiyo alikuwa na darasa la tano na la sita pamoja, na la nne ameliandikia hesabu ubaoni lifanye lenyewe. "Ulfat? Subiri nitazame," alisema. Saadiya alisikia viatu vyake vikiburura sakafuni, kisha karatasi ikifunuliwa.

"Yupo," akasema. "Ana alama hapa."

Alama ile aliitia Saadiya mwenyewe, kwa kalamu yake, jana yake mchana. Alijua hivyo vizuri. Lakini sasa ilimrudia kwa sauti ya mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, mcha Mungu, asiye na papara, naye akaipokea kama habari mpya. Alidhani Mwalimu Mkuu amepitia darasani kwanza. Angeuliza "umemwona?" na lingekuwa neno moja tu. Mlangoni mwezeshaji alikuwa akimwita, makundi yanaanza, na yeye ndiye katibu wa kundi lake.

Akampigia Bi Mwanamkasi. "Yupo skuli," akamwambia. "Usijitie hofu bure."

"Alhamdulillahi," mama akasema, na akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyetua mzigo. "Mie nami! Haya mwalimu, ahsante sana."

Walimwona saa saba, wakati maji yameshaanza kurudi na wanawake wanatoka na viroba vyao vya mwani vichwani. Ulfat alikuwa amelala kifudifudi kwenye kidimbwi baina ya mafungu mawili, maji hayafiki magotini, na ushungi wake mweupe wa skuli umeelea pembeni. Aliyemgeuza alikuwa mama yake.

Watoto wale wachache wa darasa la nne walieleza baadaye. Ulfat alikuja, akakaa kwenye dawati lake tangu saa moja. Hesabu za ubaoni akazimaliza mapema. Mwalimu hakuna, mwenziwe wa kuzungumza naye hakuna, wote wako pwani. Ilipofika saa tatu akaweka mkoba wake juu ya dawati, akasema anakwenda kumsaidia mama yake kufunga kamba mara moja na atarudi uji ukiwa tayari. Hakuna aliyemzuia, maana hakuna mtu mzima aliyekuwamo. Mwalimu Mkuu alipopita kugawa uji hakuhesabu vichwa, siku za bamvua hakuna anayehesabu vichwa.

Saadiya aliondoka semina mchana ule ule. Alifika msibani na nguo zile zile, mikono ina gundi ya kadi. Baba wa mtoto alikuwa dago, kambini na wavuvi wenzake huko Pemba, akasubiriwa, na mazishi yakawa Jumatano saa nne asubuhi. Wanawake walikaa mikekani wakinong'ona kama wanawake wanavyonong'ona msibani. Mtoto alikuwa skuli, walisema, katoroka. Masikini, utoro umemponza. Neno hilo lilizunguka nyumba nzima, mtoro, mtoro, na Saadiya alilisikia kila upande alipogeuka. Mtoto ambaye hakuwahi kutoroka hata siku moja alizikwa na jina la mtoro.

Bi Mwanamkasi alimshika mikono yote miwili.

"Mwalimu wangu," alisema. "Wewe ulinijibu. Uliacha kazi zako ukanijibu. Ametoroka tu mwanangu, Mungu amsamehe. Nambie kitu kimoja. Alikunywa uji kabla ya kutoka?"

"Alikunywa," Saadiya akasema.

"Wote?"

"Wote. Akaongezwa."

Huo ulikuwa uwongo wa pili, na ulimtoka kwa wepesi kuliko wa kwanza. Akaenda uani, akajificha nyuma ya banda la kuku.

Wiki iliyofuata Mwalimu Mkuu Haroub alimwita ofisini, akafunga mlango. Juu ya meza palikuwa na rejista mbili, ile ya zamani na nyengine mpya, bado ina harufu ya duka. Akaifunua ya zamani, akaweka kidole kwenye mstari wa Ulfat, akakisogeza kulia. Jumanne, vema. Jumatano, vema. Alhamisi, vema. Mtoto alikuwa kaburini na kwenye rejista alikuwa darasani siku mbili.

"Wilaya watakuja," Haroub alisema. "Kifo cha mwanafunzi saa za masomo lazima waje. Hii wakiiona tumekwisha, mimi na wewe, na hilo si kitu, mimi nimebakisha miaka mitatu nistaafu. Lakini wataitazama ya darasa la tano. Watatazama zote. Na uji wataondoa." Alivua miwani, akayafinya macho. "Nakili upya yote. Jumanne muache, alikuja, si uwongo, alikuja kweli. Akatoroka. Baada ya hapo andika marehemu."

"Atabaki mtoro, Mwalimu Mkuu."

"Yeye hayupo, Saadiya. Hawa mia tatu na kumi na mmoja wapo. Nusu yao chakula cha kwanza kwa siku ni kikombe kile. Unataka nifanyeje? Nambie wewe, maana mimi sijui."

Hakuwa mtu mbaya. Ingekuwa rahisi zaidi kama angekuwa mtu mbaya. Saadiya aliichukua rejista mpya nyumbani, akaandika majina arobaini na matatu, la Ulfat likiwemo, la mwisho kabisa kwa mpangilio wa herufi. Kila jioni akikaa kunakili alama, kalamu haitembei. Skuli nako, saa nne ikifika, aliwatazama watoto wakipanga foleni na vikombe vyao, wakilamba mpaka chini, na akajiambia anyamaze. Alinyamaza siku kumi na tatu tangu mazishi. Alikonda, na kila akipita njia ya pwani alikuta Bi Mwanamkasi anamsalimu kwa heshima kuliko zamani. Heshima ile ndiyo iliyomshinda.

Siku ya kumi na nne, baada ya sala ya alasiri, alikwenda nyumbani kwake. Bi Mwanamkasi alikuwa barazani anatoa uchafu kwenye kamba za mwani. Saadiya hakukaa alipokaribishwa. Aliogopa kwamba akikaa atapewa maji ya kunywa, na akipewa maji hatasema.

"Sikuwa skuli siku ile," alisema. "Nilikuwa mjini kwenye semina. Alama ya Ulfat niliitia mimi siku moja kabla, yeye na darasa zima, ili tusinyimwe uji. Uliponipigia nilimuuliza Mwalimu Mkuu, na yeye akanisomea alama yangu mwenyewe. Hakumwona mtu. Hakuna aliyemwona. Nilikujibu yupo na mimi sijui." Akashika nguzo ya baraza. "Na uji hakunywa, Bi Mwanamkasi. Aliondoka saa tatu, ulikuwa haujaiva."

Bi Mwanamkasi aliendelea kukwangua kamba ile mpaka ikaisha. Akaiweka chini. Hakupiga kelele, wala hakumwita jina baya, na Saadiya angetoa chochote apigiwe kelele.

"Nilikwambia kwenye simu, kama wangu vile," mama alisema taratibu. "Si kama. Nilimjua. Mwendo ule nnaujua, nimemfundisha mie kutembea. Nilimwona akitupa mguu wake kule mafunguni, nikasema huyu Ulfat. Halafu wewe ukanambia yupo skuli. Nikajiambia, Mwanamkasi, macho yako ya mtu asiyesoma, mwalimu anajua. Nikainama nikaendelea kufunga mwani."

Saadiya alilia waziwazi, kama mtoto, pale pale barazani. Bi Mwanamkasi alimwacha alie, wala hakumsogelea.

"Kwa sheha sitokwenda," akasema mwisho. "Wilaya sitokwenda. Watoto wa jirani zangu wanakunywa uji ule, na wakiukosa watasema mimi ndiye niliyewanyang'anya. Samahani yako sina pa kuiweka. Lakini mwanangu si mtoro, hakuwapo mwalimu wa kumtoroka. Kesho nakuja darasani kwako, uite majina mbele yangu. Kama yanavyotakiwa kuitwa."

Kesho yake ilikuwa bamvua. Saadiya aliingia darasani saa moja na rejista ya zamani mkononi. Ile mpya aliiacha nyumbani. Watoto walikuwa tisa. Bi Mwanamkasi alikuja na kanga za pwani, akasimama mlangoni, akakataa kiti.

Saadiya hakuwahi kuita majina kwa sauti tangu uji uletwe. Alianza juu kabisa. Aliyekuwepo aliitika naam, akapata vema yake. Asiyekuwepo, jina lake lilipita bila jibu, na Saadiya akatia kiduara. Viduara viliteremka ukurasani kimoja baada ya chengine. Watoto walikuwa wanachekacheka mwanzoni kwa ugeni wa jambo, kisha wakaacha.

Mwalimu Mkuu Haroub alitokea nyuma ya Bi Mwanamkasi. Aliona kalamu inafanya nini, maana alikuwa amesoma rejista maisha yake yote na aliujua mkono wa mwalimu anayetia vema na anayetia duara.

"Mwalimu Saadiya," aliita kwa sauti ya chini. "Bi mkubwa, nawaombeni. Fikirini hawa watoto."

Huko nyuma ya madarasa moshi wa kuni ulikuwa umeshaanza, na sufuria zinagongana. Saadiya alizisikia, na alijua anafanya nini kwa kila mtoto aliyekuwa akizisubiri. Aliendelea kuita.

"Thuwaiba Himid." Kimya. Duara.

"Time Jecha."

"Naam, mwalimu."

Likabaki jina moja. Alilitazama, akafunga rejista nusu, na akataka kusema tumemaliza.

"Umemruka," Bi Mwanamkasi akasema kutoka mlangoni. "Mwite."

"Ulfat Mbarouk," Saadiya akaita.

Watoto tisa waligeuka kutazama dawati la mbele. Time Jecha, aliyekaa karibu nalo, alifumbua mdomo kama anayetaka kumjibia mwenzake, kisha akaufumba.

"Tena."

"Ulfat Mbarouk."

Saadiya alingoja muda mrefu kuliko mwalimu yeyote anavyongoja. Kisha akatia kiduara, akakizungusha mpaka kikafunga. Bi Mwanamkasi aliingia sasa, mchanga wa pwani bado miguuni, akapita baina ya madawati mpaka mezani. Aliinama juu ya ukurasa. Kusoma hakujua, lakini kidole chake alikiweka pale pale wino ulipokuwa bado mbichi.

"Hii ndiyo ya hayupo?"

"Ndiyo."

Mama alikitazama kiduara kile kidogo, akakitazama mpaka Mwalimu Mkuu akainamisha uso mlangoni.

"Ungenambia hii siku ile," akasema, "ningekwenda kumtoa. Hazikuwa hata hatua mia mbili."